Picha ya Mifupa na Mstari Nilioruka

Ami yangu alifundisha hisabati katika shule za msingi za Pwani kwa miaka 31, na hadi alipostaafu hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika juu ya mwili wake. Kwa hivyo mgongo ulipoanza kumuuma, sote tulisema ni uzee. Mkewe alimkanda kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, mwenye duka la dawa akamuuzia tembe za kutuliza maumivu, na jirani akatoa hukumu kwamba ni baridi yabisi. Miezi minane ilipita katika hali hiyo. Alipopimwa hatimaye, ilibainika kuwa ni saratani ya tezi dume, ile ambayo wengine huiita tezi kibofu, nayo ilikuwa imekwisha kusambaa hadi katika pingili za uti wa mgongo na katika nyonga.

Alianzishiwa sindano ya kuzima homoni ya kiume. Baada ya miezi mitatu alipigwa picha ya mifupa kwa mara ya pili, na binamu yangu akanitumia barua ya daktari, kwa sababu katika ukoo wetu mimi ndiye "daktari", ingawa udaktari wangu ni wa isimu na haujawahi kumtibu hata kuku. Niliisoma barua hiyo kwa simu, ami akisikiliza upande wa pili. Mstari wa kwanza ulitumia neno la Kiingereza ambalo sisi wafasiri tumezoea kuliandikia "kidonda". Nami nikasema, "Ami, wanasema kuna vidonda vipya sita mifupani."

Palikuwa na kimya. Kisha akauliza kwa sauti yake ile ya darasani, "Kwa hivyo, mwanangu, dawa haifanyi kazi?"

Nikajibu kwamba yaelekea ndivyo.

Nilikosea mara mbili katika dakika moja. Kosa la kwanza lilikuwa la neno. Kidonda, kwa Mswahili yeyote, kina damu au usaha. Huoshwa, hupakwa dawa na kufungwa kitambaa, na kikikataa kupona huitwa donda ndugu. Baadaye nilielezwa kwamba jioni ile ami alivua shati akamwomba mkewe amtazame mgongo kwa kurunzi. Mkewe hakuona kitu. Kilichokuwepo hospitalini kilikuwa picha yenye madoa meusi, basi.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na hili sina wa kumsingizia. Sikusoma mstari wa pili. Mstari huo ulisema kwamba kile kipimo cha damu kijulikanacho kwa herufi PSA kilikuwa kimeshuka sana, kwamba mgonjwa mwenyewe alikuwa amesema maumivu yamepungua, na kwamba picha ingepaswa kurudiwa kabla ya kuamua lolote. Mimi niwafundishaye vijana, mwaka nenda mwaka rudi, kwamba neno halina maana nje ya muktadha wake, niliichukua sentensi moja nikaiacha iliyoifuata.

Ami hakuwa mtu wa kubishana na hesabu. Sindano iliyofuata hakuiendea. "Pesa hizi," alimwambia mkewe, "bora zilipe karo." Hospitali haikumtafuta, nasi hatukuuliza.

Nimeamua kuyaandika haya kwa kuwa wengi wa wasomaji wa ukurasa huu ni walimu na wanafunzi, watu ambao, kama mimi, huletewa barua za hospitali na jamaa zao wakaombwa "kusoma tu". Kusoma tu hakupo. Ili kuisoma picha ya mifupa ya mtu mwenye saratani, sharti mtu ajue kwanza picha hiyo huonyesha nini, na jambo hilo liliwachukua watafiti wenyewe miongo kadhaa kulikubali.

Mfupa si jiwe. Ndani yake mna seli za aina mbili zinazofanya kazi usiku na mchana: kuna wabomoaji, wanaomung'unya mfupa mkuukuu, na kuna wajenzi, wanaojaza mahali palipobomolewa. Kwa mtu mzima mwenye afya, makundi haya huenda sambamba, na ndiyo sababu mkono uliovunjika huunga. Saratani iingiapo mfupani huharibu maelewano hayo. Ile ya matiti mara nyingi huwachochea wabomoaji. Mfupa nao unapomung'unywa huachilia kemikali zilizokuwa zimefungiwa ndani yake, na kemikali hizo huilisha saratani, ambayo huwachochea wabomoaji zaidi. Ile ya tezi dume aghalabu huwachochea wajenzi, lakini ujenzi wenyewe ni wa ovyo: mfupa huwa mzito katika picha ya eksirei, ilhali hauna nguvu ya kubeba mwili.

Mnamo 1889 daktari Mwingereza aitwaye Stephen Paget alichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi wake wa wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti. Aliona kwamba ugonjwa huo hausambai ovyo kama vumbi lipeperushwalo na upepo. Una viungo unavyovipenda, mifupa ikiwemo. Akaeleza kwa mfano wa mkulima: mbegu huchukuliwa kila upande, lakini huota pale tu penye udongo unaoifaa. Mfano huo ungali ukitumika hadi leo, nami nausifu kwa sababu unatafsirika katika Kiswahili bila jasho. Tena unatusaidia kuondoa kosa jingine la lugha. Saratani ya tezi dume iliyohamia mfupani si "saratani ya mifupa". Ni saratani ya tezi dume ingali, na hutibiwa kwa dawa za tezi dume. Mtu wa Lamu akihamia Kitale hageuki kuwa mtu wa Kitale siku anaposhuka basi. Saratani inayoanzia mfupani penyewe ipo, lakini ni ugonjwa mwingine, ulio adimu zaidi. Nimewasikia watu wazima wenye shahada wakizichanganya hizi mbili msibani, na kumlaumu daktari kwa kutibu "kiungo kisichougua".

Tiba ya homoni aliyopewa ami ina historia iliyoanzia Chicago. Mwaka 1941 Charles Huggins na mwenzake Clarence Hodges walionyesha kwamba wanaume ambao saratani yao ya tezi dume ilikuwa imesambaa hupata nafuu homoni ya kiume ikiondolewa. Huggins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Jambo linalonivutia katika kazi yao ni kwamba hawakutegemea macho peke yake. Walipima katika damu kimeng'enya kiitwacho fosfatasi, wakaona kinashuka homoni inapopunguzwa na kupanda inapoongezwa. Tangu siku hiyo, kutibu na kufuatilia vimekuwa ndugu wa tumbo moja: dawa bila kipimo cha kuifuatilia ni kutembea gizani.

Sasa tuirudie picha. Mgonjwa hudungwa chembechembe kidogo za teknishiamu, madini yenye mnururisho hafifu, zikiwa zimeunganishwa na kemikali ambayo mfupa huipenda. Baada ya saa chache kamera huonyesha mahali zilipokwenda kukaa. Je, hukaa wapi? Hukaa pale ambapo wajenzi wanafanya kazi kwa bidii. Kwa maneno mengine, picha hiyo haionyeshi saratani. Huonyesha jinsi mfupa unavyoijibu saratani. Mtu aliyevunjika mbavu mwezi uliopita ataonyesha doa. Mwenye yabisi ya magoti pia. Na mgonjwa ambaye dawa imeanza kumfaa, ambaye mifupa yake imepata nafasi ya kujikarabati, anaweza kuonyesha madoa makali kuliko ya mwanzo, na hata madoa mapya mahali ambapo ugonjwa ulikuwapo tangu awali lakini haukuonekana. Mfupa unaopona na mfupa unaozidi kuugua hufanana machoni pa kamera kwa majuma kadhaa.

Tatizo hilo liliwasumbua watafiti kwa muda mrefu, kwa sababu mgonjwa katika utafiti akionekana kuzidiwa huondolewa kwenye dawa. Ni wangapi walioondolewa kwenye dawa iliyokuwa ikiwafaa? Mwaka 2008 kundi la wataalamu wa majaribio ya saratani ya tezi dume lilichapisha kanuni, ambayo kiini chake ni hiki: picha ya kwanza, inayopigwa yapata wiki 12 baada ya kuanza tiba, ikionyesha madoa mapya mawili au zaidi, usihukumu. Subiri angalau wiki sita, piga nyingine. Yakiongezeka mawili mengine mapya, hapo ndipo utakaposema kwamba ugonjwa unasonga mbele. Yasipoongezeka, mwache mgonjwa aendelee na dawa yake. Hata PSA, wanaonya, inaweza kupanda kidogo mwanzoni kabla ya kushuka. Mwalimu yeyote wa sarufi ataitambua kanuni hii: hatutoi maana ya sentensi kabla ya kufika nukta.

Siku hizi kuna picha za aina nyingine, ambazo hutafuta protini iliyo juu ya seli zenyewe za saratani ya tezi dume badala ya kutafuta kazi ya wajenzi. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha ya kwanza ya aina hiyo mwezi Desemba 2020. Zinaona mengi zaidi, lakini ni ghali, na kwa Wakenya wengi picha ile ya zamani ndiyo ingali ikiamua.

Kuhusu dawa za kuukinga mfupa wenyewe, utafiti umekuwa na tabia ninayoipenda, yaani kuhesabu mambo ambayo mgonjwa mwenyewe angeyahesabu: je, nimevunjika? Je, nimehitaji mionzi au upasuaji? Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2002, wanaume 643 ambao saratani yao ilikuwa imeshinda tiba ya homoni waligawanywa kwa kura. Wengine wakapewa asidi ya zoledroniki kwa njia ya mshipa, wengine wakapewa maji yasiyo na dawa. Kati ya waliopata miligramu nne za dawa, asilimia 33.2 walipatwa na madhara ya mifupa ya aina hiyo. Kati ya waliokosa dawa, asilimia 44.2. Kundi la tatu lililoanza na miligramu nane ilibidi lipunguziwe, kwa kuwa figo zao zilidhurika. Mwaka 2011 ikaja denosumabu, inayodungwa chini ya ngozi, iliyolinganishwa na zoledroniki kwa wanaume 1904: muda wa kati kabla ya dhara la kwanza la mfupa ulikuwa miezi 20.7 dhidi ya 17.1. Dawa zote mbili zina lao jambo. Hupunguza kalisi katika damu, na kwa wachache huuharibu mfupa wa taya, hasa baada ya kung'olewa jino. Ndiyo sababu mgonjwa hutumwa kwa daktari wa meno kwanza, na ndiyo sababu asidhani amepotezwa njia.

Lakini jaribio ambalo ningelipa kipaumbele katika nchi kama yetu ni lile la Marekani lililochapishwa mwaka 2017. Wagonjwa 1822 wenye saratani iliyofika mifupani, wa matiti, wa tezi dume na wenye saratani ya uboho, waligawanywa: nusu wapate zoledroniki kila wiki nne, nusu kila wiki 12. Baada ya miaka miwili, waliopatwa na madhara ya mifupa walikuwa asilimia 29.5 katika kundi la kwanza na 28.6 katika la pili. Hakuna tofauti ya maana. Theluthi moja ya dawa ilifanya kazi ile ile. Hebu fikiria maana yake kwa mama anayesafiri kutoka Lodwar au Hola: nauli ya safari nne kwa mwaka badala ya 13.

Tiba ya mionzi nayo ina hadithi kama hiyo. Waholanzi waliwashughulikia wagonjwa 1171 waliokuwa na maumivu ya mifupa. Baadhi walipigwa mionzi mara moja tu, kipimo cha grei 8, wengine mara sita, grei 4 kila mara. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999: nafuu ya maumivu ilikuwa sawa. Waliopigwa mara moja walihitaji kurudia mara nyingi zaidi, asilimia 25 dhidi ya 7, na hilo mgonjwa aambiwe. Hata hivyo, kwa miaka mingi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ndiyo iliyokuwa hospitali pekee ya umma nchini yenye mashine za mionzi, na wagonjwa walilala kwa jamaa zao Nairobi kwa majuma wakingoja zamu. Siku moja au siku sita si jambo dogo kwa mtu ambaye kila shimo la barabarani humlipua mgongo.

Zipo pia dawa zinazoubeba mnururisho hadi mfupani. Radiamu-223 hudanganya mwili ukadhani ni kalisi. Katika jaribio la wanaume 921 lililochapishwa mwaka 2013, waliopewa radiamu waliishi muda wa kati wa miezi 14.9, na waliokosa, 11.3. Watu wakashangilia, wakaiunganisha na dawa nyingine nzuri, abirateroni, wakitarajia mema mawili yazae mema manne. Jaribio hilo lilichapishwa mwaka 2019: kati ya waliopewa zote mbili, asilimia 29 walivunjika mifupa, dhidi ya 11 kwa waliopewa abirateroni bila radiamu. Kumbe ilihitajika kuwakinga mifupa kwanza. Mimi naona kwamba hapa ndipo heshima ya utafiti ilipo: walichapisha ubaya wao kama walivyouchapisha uzuri. Mwaka 2021 lutetiamu-177, inayozitafuta seli za tezi dume zenyewe, ikaonyesha miezi 15.3 dhidi ya 11.3 kwa wagonjwa 831.

Miezi minne, atasema mtu, ndiyo nini? Hapo Kiswahili chetu kina msaada ambao hatuutumii. Tuna "kutibu" na tuna "kuponya", vitenzi viwili visivyo na undugu wa maana tunavyovichanganya kila siku. Tiba zote nilizozitaja hutibu. Hakuna inayoponya saratani iliyokwisha kuingia mifupani. Zinampunguzia mtu maumivu, zinamwacha asimame kwa miguu yake, na baadhi zinamwongezea muda. Mgonjwa aliyeahidiwa kupona ataiona kila picha kama usaliti. Aliyeelezwa kwamba anatibiwa ataiona kama habari, nzuri au mbaya.

Miezi mitano baada ya ami kuacha sindano, miguu yake ilianza kuwa mizito. Ilikuwa Ijumaa. Jumamosi akashindwa kupata haja ndogo. Nyumbani walisema wangoje Jumatatu, kliniki itakapofunguliwa. Lau ningalikuwa najua wakati huo nijuayo sasa! Dalili hizo kwa mtu mwenye saratani ya mifupani, yaani udhaifu wa miguu, ganzi sehemu za makalio, mkojo kukwama, maana yake ni kwamba pingili zinaubana ule ugwe wa neva upitao ndani ya uti wa mgongo, na ni jambo la saa chache. Jaribio lililochapishwa mwaka 2005, la watu 101, lilionyesha kwamba kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa makini, upasuaji pamoja na mionzi uliwawezesha asilimia 84 kutembea, na mionzi peke yake asilimia 57. Na anayefika hospitalini angali akitembea ndiye mwenye matumaini makubwa ya kuendelea kutembea. Ami alifika amebebwa.

Alipigwa mionzi mara moja. Maumivu yalipungua ndani ya wiki mbili akaweza kulala. Miguu haikurudi. Aliishi mwaka mmoja na miezi saba katika kiti cha magurudumu, akiwafundisha watoto wa jirani hesabu za kugawanya chini ya mwembe, na sindano aliianza tena. Hakuna awezaye kuniambia kwa hakika kwamba asingeliiacha angetembea hadi mwisho. Madaktari niliowauliza walikataa kunihukumu na pia walikataa kuniondolea hatia. Siku moja nilimsomea barua ile yote, mistari yote miwili. Aliniuliza ilikuwa na tarehe gani. Nilipomwambia, alinyamaza akatazama watoto, kisha akaniagiza nimletee chaki.

Mwaka jana mwenzangu wa kitivo cha tiba aliniletea fomu ya ridhaa ya utafiti wa saratani ya tezi dume, tafsiri ya Kiswahili, nipitishe jicho. Katika ukurasa wa nne niliyakuta maneno yale: "Vidonda vipya vikionekana, utaondolewa katika utafiti." Niliyakata kwa kalamu nyekundu, kwa hasira ambayo mwenzangu hakuielewa. Yeye alipendekeza "uvimbe", lakini uvimbe hushikika kwa mkono. Nikafikiria "alama", likawa neno la mtihani. Tukaamua kuyapeleka maneno kwa wenyewe, tukaketi asubuhi mbili na wagonjwa na jamaa zao kwenye benchi za kungojea. Bibi mmoja aliyemsindikiza mumewe alilichagua "doa". Alisema doa analijua, amefua nguo maisha yake yote. Doa laweza kuwa la uchafu, na laweza kuwa la sabuni isiyosuuzwa vizuri, na huwezi kujua mpaka uisuuze tena uitazame.

Tukaandika "madoa". Chini yake tukaongeza aya inayomweleza mgonjwa, kabla ya kutia sahihi, kwamba picha yake ya kwanza huenda ikaonyesha madoa mengi kuliko ya mwanzo hata kama dawa inamfaa, na kwamba atapigwa ya pili. Fomu imerudishwa kwa kamati ya maadili ikiwa na sentensi moja zaidi niliyoiomba, nayo inamtaka yeyote anayepeleka majibu kwa mgonjwa amsomee barua nzima.